"Leave": neno la Kiingereza lenye kuondoka na kubaki ndani yake

Majira ya baridi ya mwaka 2001 nilipokea bahasha ya kahawia katika chumba nilichokuwa nimepanga mashariki mwa London. Nilikuwa nimeisubiri kwa miezi kumi na minne. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja na nusu, na katika aya ya pili palikuwa na maneno matatu ambayo kila moja nililijua tangu shule ya msingi: "leave to remain". La kwanza nilifahamu kuwa ni kuondoka, na la tatu kuwa ni kubaki. Hilo la kati ni kiungo tu. Sasa mtu ataondokaje ili abaki? Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimetafsiri habari za mashirika ya Kiingereza kwa miaka sita katika nchi niliyoikimbia, na bado usiku ule sikuweza kusema kama nilikuwa nimepokewa au nimefukuzwa. Jicho lilirudi kila mara kwenye neno la kwanza. Nilianza kukunja nguo.

Asubuhi nilimpelekea barua hiyo mzee mmoja wa Kizanzibari aliyeishi ghorofa ya chini, ambaye alikuwa amefika Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani yake, akasoma hadi mwisho bila ya kusema neno. "Umepewa ruhusa, mwanangu," alisema. "Kazirudishe nguo kabatini."

Tangu siku hiyo nimeliona neno hili likiwapotosha watu wengi, wakiwamo watafsiri wa habari wenye uzoefu mkubwa. Wengi hudhani kosa ni lao, kwa kuwa neno lenyewe ni la darasani, la wiki za mwanzo kabisa. Ukweli ni kwamba Kiingereza ndicho kilichochanganya mambo, na kilianza kuyachanganya zamani sana.

Maneno mawili, sauti moja

Kwa hakika "leave" si neno moja. Ni maneno mawili ambayo katika Kiingereza cha kale yalikuwa mbalimbali, kisha matamshi yake yakasogeleana kwa karne kadhaa hadi yakaandikwa kwa herufi zile zile.

La kwanza ni kitenzi, na katika Kiingereza cha kale kiliandikwa "lǣfan". Wanaisimu wanatueleza kwamba maana yake ya asili haikuwa kuondoka hata kidogo. Kilikuwa ni kitenzi cha kusababisha, kilichotokana na shina lenye maana ya kubaki, shina hilo hilo linalopatikana leo katika neno la Kijerumani "bleiben", yaani kubaki. Maana yake ilikuwa kukifanya kitu kibaki. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa lugha yetu hufanya jambo hilo hilo mbele ya macho yetu: kutokana na "baki" tunapata "bakiza". Mama anayesema "mbakizieni ndugu yenu chakula" anatumia "leave" katika maana yake ya kale kabisa, na Mwingereza wa leo bado angeitumia hivyo mezani.

Kuondoka kulikuja baadaye, na njia yake inaeleweka. Anayebakiza nyumba, watu na mali nyuma yake ndiye anayekwenda. Macho ya msemaji yalihama kutoka kwenye kile kilichobaki yakamfuata yule aliyekwenda.

La pili ni nomino, "lēaf", na maana yake ni ruhusa. Hili halina udugu na lile la kwanza. Jamaa zake ni neno la Kiingereza "believe", yaani kuamini, na kitenzi cha Kijerumani "erlauben", yaani kuruhusu. Wajerumani wana pia "Urlaub", ambalo zamani lilikuwa ruhusa ya kwenda zako na sasa ni likizo. Barua yangu ya mwaka 2001 ilikuwa na neno hili la pili. Mimi nilisoma la kwanza.

Lipo hata la tatu, "leaf", jani, ambalo wingi wake huandikwa "leaves" sawasawa na kitenzi kinapotumika kwa mtu mmoja wa tatu. Hilo halijawahi kumnyima mtu usingizi, na tuliache.

Aliyeondoka, aliyeachwa, aliyebaki

Kitenzi ndicho tunachokutana nacho kila siku, na ndicho chenye mitego midogo midogo mingi. Ule wa kwanza umo katika vichwa vya habari. Rais "leaves Nairobi" ametoka Nairobi. Rais "leaves for Nairobi" anaelekea Nairobi. Neno moja la herufi tatu linaugeuza msafara mzima, na wakati taarifa inapoingia dakika nne kabla ya kusoma habari, neno hilo ni rahisi mno kurukwa.

Mtego wa pili umo katika umbo la wakati uliopita, "left". Hebu msomaji azingatie habari za kambi za wakimbizi, ambazo idhaa za Kiswahili zimezitangaza kwa miongo mitatu. Kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, iliyokuwa na wakimbizi wa Burundi, ilifungwa mwaka 2012. Sentensi ya Kiingereza ikisema "the people who left Mtabila", inawataja walioondoka. Ikisema "the people left in Mtabila", inawataja waliobaki. Katika sentensi ya pili ile maana ya kale ya kubakiza imejitokeza tena, ikiwa hai kama ilivyokuwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vivyo hivyo "ten minutes left" ni dakika kumi zilizobaki, wala hazijaondoka. Na "left" kwa maana ya mkono wa kushoto ni neno jingine kabisa ambalo limefanana kwa bahati tu.

Katika vituo vikubwa vya treni nchini Uingereza utaona kibao kilichoandikwa "left luggage". Wageni wengi huelewa kuwa ni mizigo iliyosahauliwa au iliyotelekezwa. Kumbe ni mahali pa kuweka mzigo wako kwa malipo, uuchukue jioni.

Kisha kuna vifo na ndoa. Kiingereza husema marehemu "leaves a wife and three children", nasi kwa Kiswahili husema vile vile kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watatu. Lakini "he left his wife" ya mtu aliye hai ni habari nyingine. Kiswahili huzitenganisha habari hizi mbili kwa silabi moja tu, kiambishi cha mtendwa: ameacha mke, amemwacha mke. Miaka kadhaa iliyopita kijana wetu mmoja chumba cha habari alitafsiri taarifa ya kifo cha mwanasiasa mkongwe, akaandika kuwa "amemwacha mkewe". Habari ilisomwa hewani jinsi ilivyo. Simu ya kwanza iliingia kabla ya taarifa kumalizika, na ilikuwa ya mtu wa familia aliyetaka kujua ni nani aliyetueleza kwamba marehemu alikuwa ametoa talaka kitandani. Tulirekebisha katika matangazo yaliyofuata na tuliomba radhi. Kijana yule sasa ni mhariri mzuri sana, na hajapata kukosea kiambishi hicho tena.

Ukiongeza mali katika sentensi hiyo hiyo, maana inageuka mara ya tatu: "he left his wife the house" ni kwamba alimrithisha mkewe nyumba. Wosia wa Kiingereza umejaa kitenzi hiki, na mwenye kuurithi asiwe na haraka ya kununa.

Shuleni nako kuna jambo la kuangalia. "School leaver" ni aliyemaliza shule, wala siye aliyeiacha. Watanzania wanaujua mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na jina lake rasmi la Kiingereza lina neno "leaving" ndani yake. Hata hivyo nimesoma tafsiri za ripoti za mashirika ya misaada ambamo wahitimu wa darasa la saba waligeuzwa kuwa "watoto walioacha shule". Aliyeyatazama maneno hayo bila ya kuiona ripoti ya Kiingereza angeamini kwamba wilaya nzima imekumbwa na utoro.

Na mtu akikwambia kwa ukali "leave him alone", hakutaki umwache peke yake. Anakutaka usimsumbue. Ofisini, ukimpelekea Mwingereza shida yako naye akajibu "leave it with me", maana ya kamusi ni "niachie mimi nitalishughulikia". Uzoefu wangu ni kwamba baada ya siku tatu inafaa kumkumbusha.

Likizo, au livu

Tukiingia katika nomino, tunakutana kwanza na maana iliyo nyepesi zaidi, yaani likizo. Makarani na askari wa enzi ya ukoloni waliichukua nomino hii moja kwa moja wakaifanya "livu", na kamusi za Kiswahili bado zinayo. Mzee aliyestaafu serikalini aweza kukwambia kwamba alikwenda livu mwaka fulani akajenga nyumba ya mabati kijijini. Vijana husema likizo tu.

Likizo ni ruhusa ya kutokuwapo kazini, na maana ile ya asili haijapotea. Askari anayetoroka kambini hurekodiwa kuwa hayupo "without leave", yaani bila ya ruhusa, na si bila ya kuondoka, maana ameondoka kweli kweli. Lugha nyingine pia zimepita njia hii. Kwa Kiarabu, "ijaza" ni idhini, ile ambayo mwanachuoni humpa mwanafunzi wake ili afundishe kitabu, na ni hiyo hiyo anayoiomba dereva wa Muscat anapotaka kwenda kwao kupumzika. Sisi tunalo neno "ruhusa", ambalo nalo tumelipata kutoka Kiarabu. Katika nchi za Ghuba "rukhsa" ya barabarani ni leseni ya udereva. Kwetu mwanafunzi aliyepewa ruhusa ameshakwenda nyumbani, na mgonjwa aliyeruhusiwa ametoka hospitali. Mgeni aliyeshiba anapotaka kuondoka barazani husema "naomba ruhusa", na mwenyeji huelewa kuwa anaaga. Waingereza wa zamani walisema jambo lile lile kwa maneno "take leave", kuchukua ruhusa, yaani kuaga. Tungekumbuka desturi hii ya barazani, barua za Uhamiaji zisingetutisha kiasi hicho. (Watanzania wa rika langu watamkumbuka pia Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia 1985 hadi 1995 na kuitwa Mzee Rukhsa kwa kufungua milango ya biashara iliyokuwa imefungwa.)

Kwa ufupi kuhusu sheria za kazi: Uingereza mfanyakazi wa siku tano kwa wiki ana haki ya siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na likizo ya uzazi hufikia wiki 52, ingawa si zote zenye malipo. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ni siku 28 mfululizo kwa mwaka na siku 84 za uzazi. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, ni siku 21 za kazi na miezi mitatu ya uzazi. Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inatoa hadi wiki 12 za likizo ya kifamilia au ya ugonjwa bila malipo, na hata hizo ni kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi. Wasomaji wetu wa Minneapolis na Houston hawahitaji kuelezwa uchungu wake.

Likizo ya msiba ndiyo inayozusha ugomvi zaidi. Mwajiri wa Ulaya hutaka kujua marehemu alikuwa nani kwako, na orodha yake ina baba, mama, mke, mume, mtoto na ndugu. Ukisema "baba mdogo" na ukalitafsiri kuwa ni mdogo wake baba, umeshatolewa kwenye orodha, ijapokuwa ndiye aliyekulea na kukulipia karo. Sina dawa ya jambo hili, ila nashauri mtu aeleze malezi kabla ya kueleza nasaba.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwaletea Waingereza neno "furlough", mamilioni ya wafanyakazi walipowekwa nyumbani huku serikali ikilipa sehemu kubwa ya mishahara yao. Watu waliliona jipya. Ni neno lililotoka Kiholanzi, "verlof", na shina lake ni lile lile la "leave" ya ruhusa.

Ruhusa ya dola

Sasa turudi kwenye bahasha ya kahawia, kwa sababu hapa ndipo maana ya neno moja inapoamua mahali mtu atakapolala.

Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, inasema kwamba mtu asiye na haki ya asili ya kuishi nchini humo anahitaji "leave" ili aingie na "leave" ili abaki. Ruhusa hiyo yaweza kuwa ya muda maalumu au isiyowekewa muda. Kutokana na maneno hayo machache kumezaliwa msamiati wote ambao mhamiaji hukutana nao: "leave to enter", ruhusa ya kuingia, "leave to remain", ruhusa ya kubaki, "limited leave", ruhusa yenye kikomo, "indefinite leave", ruhusa isiyo na kikomo kilichotajwa.

Mahakama zenyewe zimekuwa na huruma kuliko Uhamiaji. Kanuni mpya za mashauri ya madai zilipoanza kutumika England na Wales mwezi Aprili 1999, maneno mengi ya kizamani yaliondolewa, na pale palipokuwa na "leave" pakawekwa "permission", ambalo ni ruhusa isiyo na utata. Katika rufaa za jinai neno la zamani lilibaki, na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam nao wamelitumia kwa miaka mingi wanapoomba kibali cha kukata rufaa. Lakini hao ni mawakili. Katika sheria ya uhamiaji, ambayo wasomaji wake wengi Kiingereza si lugha yao ya kwanza wala ya pili, neno gumu ndilo lililobaki.

Barua za kukataliwa huyaweka maneno yote mawili katika sentensi moja. Utaelezwa kwamba huna "leave" na kwa hiyo ni lazima "leave". Huna ruhusa, basi ondoka. Mama mmoja kutoka Bukavu aliyesomewa barua ya namna hiyo alielewa kuwa amekatazwa kuondoka, akafurahi. Siku za kukata rufaa huhesabika, naye alizipoteza tano akiwa na furaha hiyo.

Neno "indefinite" nalo lina madhara yake. Wengi hulitafsiri kuwa "ya milele" au "ya kudumu", nami niliwahi kulitafsiri hivyo redioni. Si sahihi. Maana yake ni kwamba mwisho haukutajwa, na kitu kisichotajwa mwisho chaweza kuwa nao. Mwenye ruhusa hiyo akikaa nje ya Uingereza mfululizo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa kawaida ruhusa yake hufa, hata kama muhuri katika pasipoti unasomeka vizuri. Jirani yangu mmoja, mwanamke aliyefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka kumi na mmoja, alikwenda Tanga kumuuguza mama yake. Aliuguza, akazika, akamaliza arobaini, akashughulikia kiwanja. Alirejea baada ya miaka miwili na miezi mitatu, na uwanja wa ndege akaambiwa kuwa "leave" yake imekwisha. Alijibu kwa dhati kwamba "leave" yake ilikwisha zamani, amesharudi sasa. Alidhani anaulizwa habari za likizo. Ipo viza ya mkazi anayerejea, ambayo huombwa ukiwa bado nje, na baadaye aliipata, lakini kwanza alirudishwa Dar es Salaam kwa ndege aliyokuja nayo.

Jambo jingine linalostahili kujulikana ni kwamba mwenye ruhusa ya muda maalumu akiomba kuongezewa kabla ruhusa haijaisha, sheria huiendeleza ile ya zamani kwa masharti yake mpaka uamuzi utolewe. Tarehe iliyokuwa imeandikwa kwenye kadi haiwi mwisho wa kila kitu. Nimewajua watu walioacha kazi siku ile tarehe ilipopita, ilhali sheria ilikuwa upande wao. Aliyechelewa kuomba hata kwa siku moja hana hifadhi hiyo. Katika mambo haya msomaji amwone wakili mwenye kibali, asitegemee makala wala maneno ya msikitini au kanisani.

Ruhusa niliyopewa mimi iliitwa "exceptional leave", ruhusa ya kipekee, ya miaka minne. Aina hiyo ilifutwa tarehe 1 Aprili 2003 na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine mbili. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2005 aliyetambuliwa kuwa mkimbizi akawa anapewa miaka mitano badala ya ruhusa isiyo na kikomo tangu mwanzo. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuifanya hadhi ya ukimbizi ipitiwe kila baada ya miezi 30, na wengi wao kusubiri miaka 20 kabla ya kupata ukazi. Kila mabadiliko ya namna hii yanapotokea, simu za wasikilizaji huongezeka, na swali la kwanza karibu siku zote ni kuhusu maana ya neno.

Wapo waliokuwa na ruhusa bila ya kujua kwamba wanayo. Watu wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wameshafanya makazi Uingereza sheria ya 1971 ilipoanza kutumika, walihesabiwa kuwa na "indefinite leave" moja kwa moja, pasipo kupewa karatasi yoyote. Wengi walikuwa wametoka visiwa vya Karibea, katika kizazi kilichopewa jina la meli ya Empire Windrush iliyotia nanga Tilbury mwezi Juni 1948. Miongo minne baada ya sheria hiyo kuanza, waajiri, wenye nyumba na hospitali walipotakiwa kudai hati, wazee hao hawakuwa nazo. Wengine walipoteza kazi, wengine walinyimwa matibabu, na wengine walifukuzwa nchini. Kashfa hiyo ilipolipuka Aprili 2018, waziri wa mambo ya ndani Amber Rudd alijiuzulu.

Na kuna kioja cha mwaka 2016. Katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni wananchi wa Uingereza waliulizwa kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au iondoke, na kambi mbili zikajiita Remain na Leave. Msomaji ataona kwamba maneno yote mawili ya kampeni hiyo yamo ndani ya ile sentensi iliyonikosesha usingizi. Leave ilishinda kwa asilimia 51.9. Uingereza ikaondoka tarehe 31 Januari 2020, na matokeo yake ni kwamba mamilioni ya Wapoland, Waromania, Wareno na wengineo waliokuwa wakiishi nchini humo kwa haki yao ya Ulaya, nao wakalazimika kuomba "leave to remain". Siku hizo fundi bomba mmoja wa Kipoland alinionyesha barua pepe yake akiwa na uso ule ule niliokuwa nao mimi mwaka 2001. Nilimweleza kwa maneno ya yule mzee wa ghorofa ya chini, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki.

Ghuba na Marekani

Jamaa walioko Marekani hawalifahamu neno hili katika maana ya uhamiaji, kwa kuwa sheria ya huko hutumia istilahi nyingine. Kwao "leave" ni likizo au ni kuondoka, basi. Wanapomshauri ndugu wa London kwa simu, hali hiyo izingatiwe.

Katika nchi za Ghuba neno hili linakutana na mikataba ya kazi. Mkataba wa mtumishi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda au Tanzania mara nyingi huandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na katika vifungu vinavyofuatana "leave" huweza kuwa likizo, kisha ruhusa, kisha kuondoka. "Annual leave" ni likizo ya mwaka. "Shall not leave" ni katazo la kutoka. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Nchini Qatar mfanyakazi wa kigeni alihitaji kibali cha mwajiri ili atoke nchini, mpaka sharti hilo lilipoondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na kwa watumishi wa nyumbani Januari 2020. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa na haki ya "leave", likizo, bila ya kuwa na "leave", ruhusa, ya kuondoka nchini. Ajabu ni kwamba Kiingereza kinaweza kuyasema yote hayo kwa neno moja.

Matamshi

Limebaki jambo la sauti, ambalo vitabu vya shule hulipitia juu juu. Kiswahili kina irabu moja ya "i". Kiingereza kina mbili zinazokaribiana, moja ndefu na moja fupi, na kwa tofauti hiyo "leave", kuondoka, hutengana na "live", kuishi. Katika vinywa vya wengi wetu maneno haya mawili hayatofautiani hata kidogo.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nikijitolea kufasiri katika ofisi ya wakili mmoja. Kijana wa Uvira alikataa msaada wangu kwa adabu, kwa sababu alikuwa amejifunza Kiingereza kambini na alitaka kujieleza mwenyewe. Wakili alimuuliza anataka nini. Alijibu wazi, kwa sauti ya kujiamini, kwamba anataka kuishi hapa. Nilimwona wakili akinyanyua macho, kisha akiandika kwenye daftari lake kwamba mteja anataka kuondoka. Nilimwomba asiendelee kuandika.

Njia niliyomfundisha baadaye ni hii. Kwa "leave", vuta irabu kama katika "kiini", midomo ikinyooka pembeni. Kwa "live", fanya haraka na ulegeze ulimi, sauti ianguke mahali fulani kati ya "i" na "e" yetu. Tulirudi kwa basi, yeye kando ya dirisha, akayarudia maneno hayo mawili kwa zamu mpaka bibi wa Kiingereza aliyekaa mbele yetu akageuka kututazama.